Mtandao umekata, mvua inakuja

Alasiri moja ya Januari nilikuwa Soko la Majengo, mjini Dodoma, nimepanga foleni kwenye kibanda cha wakala wa fedha za simu. Jua lilikuwa linachoma. Mbele yangu alisimama mama aliyetaka kutoa hela za kununua mbegu za mtama, maana mvua za kwanza zilikuwa zimeshapita na shamba lake lilikuwa bado. Alibonyeza namba, akaweka ya siri, akangoja. Simu ikanyamaza, kisha ikaandika kwamba huduma haipatikani.

"Dada, vipi, haijaingia?"

"Bado, mama. Mtandao umekata. Subiri kidogo, mvua inakuja."

"Mvua gani na jua hili?"

Binti wa kibandani hakubishana. Aliinuka, akaingiza ndani kiti chake cha plastiki, akashusha turubai la mbele. Haikupita robo saa upepo ulianza kuzoa vumbi na makaratasi ya sokoni, wingu likatokea nyuma ya mapaa upande wa mashariki, na mvua ikashuka kwa kishindo kile wanachokijua wakazi wa Dodoma, mvua inayoanza ghafla kama mtu aliyemwaga ndoo.

Ilipokatika nilimuuliza alijuaje. Akacheka. Alisema ameuona mchezo huo kwa misimu kadhaa: mtandao huanza kusuasua, halafu mvua inafuata. Katika Ugogo wa zamani, nchi hii ya Wagogo, mtemi ndiye aliyekuwa mlinzi wa mawe ya mvua, na watu walimtazamia yeye mawingu yalipochelewa. Majengo, siku ile, kazi ya kuibashiri mvua ilikuwa mikononi mwa binti mwenye simu tatu za kitochi. Nilitaka kujua simu zile ziliona nini ambacho macho yetu hayakukiona.

Kinachopita kati ya minara

Simu ya yule mama ilizungumza na mnara wa jirani. Mnara nao ulipaswa kuupeleka ujumbe mbele, hadi kwenye mitambo mikubwa ya kampuni, kisha kurudisha jibu. Kwa kazi hiyo zipo njia mbili kuu. Ya kwanza ni nyuzi za kioo zilizofukiwa ardhini, ambazo kwetu tumezizoea kwa jina la mkongo. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza 2009, mwaka uleule kebo ya SEACOM ilipotia nanga Dar es Salaam kutoka chini ya bahari. Ya pili ni maikrowevu: mawimbi ya redio yanayorushwa kutoka dishi hadi dishi, mnara hadi mnara, kama watu waliojipanga kupokezana ndoo za maji.

Nchi ya kati ni pana, na sehemu zake nyingi ni mawe. Anayesafiri kutoka Manyoni kwenda Singida hupita katikati ya miamba ya itale iliyotapakaa kana kwamba ilimwagwa na lori. Kuchimba mtaro wa mkongo kwenye ardhi ya namna hiyo ni kazi na gharama. Kurusha wimbi juu yake, mnara ukishasimama, ni kazi ya siku chache. Ndiyo maana minara mingi ya vijijini hupokea na kupeleka mawasiliano yake kwa maikrowevu. Mei 2023, hapahapa Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Kila mnara wa aina hiyo unahitaji namna ya kuunganishwa na dunia, na mara nyingi anga ndiyo barabara iliyo karibu.

Wimbi la maikrowevu halijui kukata kona. Huenda karibu sawa na miali ya tochi, hivyo dishi moja lazima "lione" jingine bila kilima wala mbuyu kukaa katikati. Masafa yake huhesabiwa kwa gigahezi, yaani mitetemo bilioni kwa sekunde. Safari ya wimbi kutoka dishi moja hadi jingine huitwa mruko. Miruko mirefu ya vijijini, ya kilomita 30 hata 50, hutumia kwa kawaida gigahezi 6 hadi 8. Miruko mifupi ya mjini hutumia 15, 18, 23 au 38, kwa sababu masafa ya juu yana nafasi zaidi ya kubeba data nyingi.

Katikati ya madishi hayo mawili hakuna waya wala bomba, ni hewa tu. Na hewa ya Dodoma ina tabia zake.

Tone na wimbi

Wimbi la gigahezi 7 lina urefu wa sentimita 4.3 hivi. La gigahezi 23 ni sentimita 1.3, na la gigahezi 38 ni milimita 8 tu. Tone kubwa la mvua ya radi hufikia milimita 5. Wimbi refu hulipita tone kama lori linavyopita juu ya kokoto. Wimbi fupi hukutana na tone linalokaribia kimo chake, na hapo ugomvi huanza: maji humeza sehemu ya nguvu ya wimbi na kuigeuza kuwa joto dogo lisilohisika, na sehemu nyingine huitawanya pembeni.

Wahandisi hupima upotevu huo kwa desibeli. Kupoteza desibeli 3 ni kubaki na nusu ya nguvu. Kupoteza 10 ni kubaki na sehemu moja ya kumi. Kupoteza 20 ni kubaki na moja ya mia. Katika mvua inayonyesha kwa kasi ya milimita 50 kwa saa, wimbi la gigahezi 7 hupoteza chini ya desibeli 1 kwa kila kilomita ya mvua. La gigahezi 15 hupoteza kama 3.5. La 23 hupoteza kama 7, na la 38 zaidi ya 12. Chukua mruko wa mjini wa kilomita 5 kwa gigahezi 23. Mvua hiyo ikiufunika wote, desibeli 35 zimekwenda, na nguvu inayofika upande wa pili ni chini ya sehemu moja ya elfu tatu.

Hata umbo la tone lina neno. Wachoraji hulichora kama chozi, lakini tone kubwa linaloanguka husukumwa na hewa kutoka chini likawa bapa kama kitumbua. Kwa kuwa upana wake unazidi kimo, wimbi linalotetema kwa ulalo hupoteza nguvu nyingi kuliko linalotetema kwa wima. Ndiyo sababu, penye mvua kali, fundi akiwa na hiari hufunga dishi litetemeshe kwa wima.

Wenye ving'amuzi vya setilaiti wanaijua habari hii sebuleni. Televisheni nyingi za majumbani hutegemea masafa ya gigahezi 11 hadi 12, na mvua kubwa ikishuka picha huganda katikati ya mechi. Madishi yale makubwa ya zamani, yaliyopokea karibu na gigahezi 4, hayakuogopa mvua kiasi hicho.

Hapa msomaji anaweza kuuliza: Dodoma si ni kame? Ni kweli. Hupata wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu zote huanguka kati ya mwisho wa Novemba na Aprili, kipindi ambacho Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hukiita Mvua za Msimu. Bukoba hupata zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho. Lakini jumla ya mwaka hudanganya. London nayo hupata milimita 600 hivi, karibu sawa na Dodoma, ila yake ni manyunyu yaliyogawanywa katika siku zaidi ya mia. Ya Dodoma huja kwa dharura: siku chache, saa chache, matone makubwa, radi, na korongo lililokuwa mchanga mtupu asubuhi linavuma maji jioni.

Mhandisi wa maikrowevu hana haja na jumla ya mwaka. Mapendekezo ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano humwelekeza aangalie kasi ya mvua inayozidiwa kwa asilimia 0.01 tu ya mwaka. Mwaka una dakika 525,600. Sehemu hiyo ni kama dakika 53. Njia nzima, ukubwa wa madishi, nguvu ya mitambo na urefu wa mruko, hupangwa kwa ajili ya dakika 53 zilizo kali kuliko zote. Mahali kame penye mvua za hasira panaweza kumtesa fundi kuliko mji unaonyeshewa manyunyu wiki nzima.

Mvua hizo za radi pia ni finyu. Kiini chake, pale inapopiga kwa nguvu zaidi, mara nyingi kina upana wa kilomita chache tu. Inaweza kunyesha Chamwino huku Majengo wakianika mahindi. Mruko wa maikrowevu ulionyooka kuelekea huko hulowa kwanza, na taarifa zake zinapoanza kupungua, simu ya wakala hujua kabla ya paa la bati. Binti wa Majengo hakuwa na ndumba. Alikuwa anasoma kivuli cha mvua iliyokuwa bado njiani.

Usiku mweupe wa Julai

Kama mvua ingekuwa adui pekee, kuanzia Mei mafundi wa minara wangelala usingizi. Lakini muulize anayesimamia miruko mirefu ya nyanda za kati, na utaambiwa kwamba zipo saa za alfajiri, mbingu haina wingu hata moja, ambapo njia ya kilomita 50 hudhoofika ghafla kama mtu aliyeshikwa na kizunguzungu.

Ufunguo wa kitendawili hiki uko barabarani. Mchana wa Oktoba, ukiwa njiani kuelekea Bahi, unaona maji yameweka dimbwi juu ya lami mbele yako. Ukikaribia, hayapo. Ni mazigazi. Lami imeipasha joto hewa iliyo juu yake, hewa ya moto ni nyepesi kuliko ile ya juu, na mwanga unaopita mahali hewa inapobadilika uzito hupinda. Ulichokiona si maji. Ni kipande cha mbingu kilichopindishwa hadi machoni pako.

Maikrowevu nayo ni ndugu wa mwanga, na hewa huipindisha vilevile. Tofauti ni kwamba wimbi la redio huujali sana mvuke wa maji uliomo hewani, ambao mwanga karibu haujali. Kwa kawaida hewa hupungua uzito na unyevu kadiri unavyopanda, hivyo wimbi huinama kidogo kuelekea ardhini na kuufuata mviringo wa dunia kwa kitambo. Mafundi huliingiza jambo hilo kwenye hesabu kwa hila nzuri: hujifanya wimbi linakwenda kwa mstari ulionyooka, halafu huikuza dunia. Nusukipenyo cha dunia ni kilomita 6,370 hivi. Kwenye karatasi za redio huandikwa kama 8,500. Dunia ya redio ni kubwa na bapa kuliko dunia ya ramani.

Ila dunia hiyo haitulii. Kwenye mruko wa kilomita 50, kwa hesabu ya kawaida, mgongo wa ardhi ulio katikati huinuka kama mita 37 juu ya mstari ulionyooka kati ya miguu ya minara. Zipo saa ambapo hewa hujipanga kinyume, kwa mfano ardhi ikiwa imeungua na hewa yenye unyevu zaidi ikakaa juu ya ile kavu ya chini. Wimbi huacha kuinama, pengine hupinda kuelekea juu, na mgongo uleule hugeuka kuwa kama mita 73. Hakuna jiwe lililoongezeka. Lakini kwa wimbi, kilima cha mita 36 kimeota ndani ya saa chache. Mnara uliojengwa mfupi kwa kubana matumizi hulipa deni lake siku hiyo.

Usiku wa Juni na Julai una ugonjwa tofauti. Mbingu ikiwa nyeupe, ardhi hupoteza joto lake haraka kwenda angani. Kufikia alfajiri Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14 za Selsiasi, na hewa iliyogusa ardhi huwa baridi kuliko ile ya mita mia juu yake. Hewa hulala kwa matabaka kama mikeka iliyopangwa. Wimbi moja likitoka kwenye dishi hupata njia mbili: sehemu yake hupita moja kwa moja, nyingine hupanda kidogo, ikapindishwa na tabaka la juu na kurudi. Zote hufika kwenye dishi la pili, lakini si kwa pamoja. Kwa gigahezi 7, sehemu moja ikitembea sentimita mbili tu zaidi ya nyingine, kilele cha wimbi moja huangukia bonde la jingine na yote mawili hufutana. Safari ya kilomita 50 huharibiwa na tofauti ya upana wa kidole.

Jua likichomoza na upepo ukaanza kuvuruga yale matabaka, ugonjwa huondoka wenyewe. Ndiyo maana fundi aliyetumwa saa tatu asubuhi kutafuta hitilafu hukuta mitambo mizima. Na ndiyo maana upepo wa kusini mashariki wa Dodoma, unaolaumiwa kila Julai kwa vumbi na midomo kupasuka, kwa maikrowevu ni rafiki: mahali unapovuma usiku kucha, hewa haipati nafasi ya kujipanga.

Mabonde hayana bahati hiyo. Bonde la Bahi, lililolala chini ya ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Saranda na Kilimatinde, lina kila sifa ya kumsumbua mpangaji wa redio. Hewa baridi hutiririkia humo usiku na kutuama. Masika yakiwa mazuri, tambarare hujaa maji, na uso wa maji uliotulia hurudisha mawimbi kama kioo, hivyo dishi hupokea wimbi lake na picha ya wimbi lake. Njia inayokatiza mahali kama pale hudai hesabu makini kuliko njia ya urefu uleule juu ya vichaka vya Chemba, ambako ardhi isiyo sawa hutawanya mawimbi yasirudi kwa mpangilio.

Hata hivyo ukavu wetu una baraka yake. Pwani hali ni kali zaidi. Juu ya bahari yenye joto, hewa nyevu hubanwa chini ya hewa kavu, na wimbi hunaswa katikati yao kama maji kwenye mfereji, likasafiri mbali kupita upeo wa macho. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, rada ya Waingereza iliyokuwa Bombay iliona pwani ya Arabuni, zaidi ya kilomita 1,600 ng'ambo ya bahari ileile ambayo majahazi yetu yaliivuka kwa kaskazi na kusi. Mfereji wa namna hiyo huhitaji mvuke mwingi unaokatika ghafla. Nyanda za juu za kati hazina mvuke wa kutosha kuuchimba.

Dawa za mafundi

Tazama minara iliyo kando ya barabara kuu. Ukiona madishi mawili makubwa yamefungwa moja juu ya jingine, yote yakitazama upande uleule, usidhani kampuni ilipata moja la ziada. Ni kinga dhidi ya usiku mweupe. Mawimbi yanapofutana kwenye kimo kimoja, mita kadhaa chini yake huenda yanaungana. Mtambo husikiliza madishi yote mawili na kuchukua lililo na afya.

Kwa mvua, dishi la pili halisaidii, kwa sababu linalowa pamoja na la kwanza. Hapo dawa ni kufupisha mruko, kushuka masafa, au kuacha akiba kubwa ya nguvu. Mitambo ya kisasa ina dawa nyingine: hubadili mwendo. Anga ikiwa safi, kila alama inayorushwa huweza kubeba biti 8. Mvua ikianza, mtambo hupunguza hadi biti 2, kama dereva anayeshusha gia kwenye tope. Njia haifi, ila hubeba robo ya mzigo. Hivyo ndivyo inavyotokea kwamba katikati ya mvua sauti inapita na video imekwama.

Vumbi, ambalo wengi wetu hulituhumu kwanza, halina hatia kubwa. Chembe kavu za chamchela hazimezi wimbi kama maji yanavyofanya. Mbuyu ni mshukiwa mzuri zaidi: njia iliyopimwa Septemba, miti ikiwa uchi, inaweza kuzibwa Januari majani yakichipua.

Wala si kila kukatika kwa mtandao ni kosa la anga. Mei 12, 2024, Watanzania walikaa kwenye intaneti ya kusuasua chini ya mbingu njema, kwa sababu kebo za EASSy na SEACOM zilikuwa zimekatika baharini, kusini mwa pwani ya Msumbiji. Umeme hukatika na betri za mnara kuisha. Greda la barabara hukata mkongo. Kwa raia wa kawaida, saa ndiyo shahidi. Mtandao ukidhoofika kabla ya mvua na kupona mvua ikipita, njia imelowa. Ukidhoofika alfajiri ya kiangazi na kupona jua likipanda, hewa imejipanga matabaka. Ukikaa kimya hadi kesho yake, mtafute mchimbaji au mtu wa umeme.

Hasara ya mmoja, habari ya mwingine

Sasa turudi kwa binti wa Majengo, kwa sababu alilokuwa akilifanya kibandani lina wataalamu wake. Mwaka 2006 Hagit Messer na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv waliandika katika jarida la Science kwamba upotevu wa nguvu kwenye miruko ya simu unaweza kusomwa kinyumenyume. Mhandisi hujua mvua kiasi gani itapoteza desibeli ngapi. Basi anayejua desibeli zilizopotea anaweza kujua mvua kiasi gani imenyesha. Kwa masafa ya gigahezi 20 hadi 40 uhusiano huo unakaribia mstari mnyoofu, kana kwamba maumbile yenyewe yalikusudia kipimo.

Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi walichora ramani ya mvua ya nchi yao nzima kwa kutumia miruko 2,400 hivi ya mtandao wa simu. Mfano wa karibu zaidi na Dodoma ulitoka Burkina Faso, nchi nyingine ya mvua za msimu mmoja na vipimamvua vya kuhesabika. Matokeo yaliyotolewa 2014 yalitokana na mruko mmoja wa kilomita 29 wa gigahezi 7, aina ileile ya miruko mirefu iliyotapakaa kwenye nyanda zetu, na mruko huo ulitambua siku 95 katika kila siku 100 za mvua. Mwaka huohuo watafiti waliandika juu ya mpango wa kutumia miruko ya simu nchini Kenya kwa tahadhari ya mafuriko ya ghafla.

Kwa nini jambo hili lituguse? Kipimamvua hupima mvua iliyoingia kwenye mdomo wake, upana wa sahani ya wali. Kwa mvua finyu za Dodoma, kipimamvua cha kijiji kimoja kinaweza kuandika sifuri huku kijiji cha pili kikibebwa na maji. Mruko wa maikrowevu hupima kilomita zote ulizopita.

Tuna kumbukumbu za gharama ya kutojua. Mwanzoni mwa 2010 mafuriko yalikata Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe. Maji yale hayakuwa ya Kilosa peke yake. Mto Kinyasungwe hukusanya mvua za upande wa Dodoma na kuzipeleka chini kuelekea Mkondoa na Wami. Mvua iliyonyesha mbali, juu ya nyanda, ndiyo inayoamua hatima ya tuta la reli kule bondeni. Na Desemba 3, 2023, maji, matope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang juu ya mji wa Katesh, kaskazini mashariki mwa Singida, na kuua zaidi ya watu 80. Sidai kwamba dishi la simu lingewaokoa. Nasema kwamba mvua inaponyesha juu ya mlima usiku, kila jicho la ziada lina thamani, na macho ya minara hayalali.

Zipo dosari. Maji yanayobaki kwenye uso wa dishi humfanya mpimaji adhani mvua bado inanyesha. Miruko mirefu ya gigahezi 7 haihisi manyunyu, huhisi mvua nzito tu. Alfajiri ya Julai inaweza kujifanya mvua, na anayesoma lazima ajue majira. Lakini kila moja ya dosari hizo inajulikana na ina hesabu zake za kuisahihisha.

Kikwazo kikubwa ni makabati ambamo taarifa hizo hufungiwa. Mifumo ya kusimamia minara kwa kawaida hurekodi nguvu iliyopokelewa, ya juu na ya chini, kila dakika 15. Kampuni huziangalia rekodi hizo ili kujua njia gani ina ugonjwa, kisha huzifuta au kuzisahau. Ndani yake hamna jina la mteja, hamna salio, hamna nani kampigia nani. Kuna namba tu za jinsi anga ilivyokuwa kati ya kilima na kilima. Kwa kampuni ni takataka za mtambo. Kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwa mkuu wa reli, kwa bwana shamba wa Kongwa anayetaka kujua kama Februari imekauka, ni shajara ya mvua iliyoandikwa na minara ambayo ingesimama pale hata kama mvua isingehesabiwa. Wizara ya mawasiliano na ile inayoisimamia Mamlaka zote ziko Mtumba, mtaa mmoja wa serikali. Kutoka ofisi hadi ofisi ni mwendo wa miguu. Kebo haihitajiki, inahitajika barua na makubaliano.

Nilipita tena Majengo mwezi wa Machi. Wingu lilikuwa limejibana upande wa kusini, barabara ya Mtera, na foleni ya wakala ilikuwa imesimama. Mzee mmoja aliyeshika fimbo alikuwa na simu sikioni, akizungumza na jamaa wa kijijini kwa sauti ya kukatikakatika, akirudia swali ambalo kila mtu wa Ugogo huliuliza msimu wa kilimo kabla hata ya salamu kuisha: "Huko kwenu imenyesha?"

Jibu lilikatika njiani, akaishusha simu akaitazama. Binti wa kibandani alikwishaanza kushusha turubai.

"Imenyesha, babu," akamwambia. "Ndiyo maana humsikii."